Bweni Lililokataliwa na Komba

Shimo la mzambarau namba kumi na saba lilikuwa na kina cha sentimita sitini na mbili. Violeth alilipima kwa rula ya ubaoni aliyoifunga kwenye mpini wa fagio, akaandika kwenye daftari, akashuka, akaisogeza ngazi hadi mti namba kumi na nane. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Juni, saa tisa alasiri. Wenzake walikuwa wanafua. Upande wa barabara malori ya pamba yalikuwa yanapita kuelekea Bariadi, na kila lori liliacha pamba kidogo kwenye ua wa minyaa wa shule, mpaka ua ukaonekana umeota mvi.

Kazi ilikuwa ya Biolojia. Mwalimu Januarius aliwagawia kidato cha tatu mada kwa kuokota vikaratasi ndani ya kofia, na Violeth akaokota hii: jinsi wanyama wanaonyonyesha na kuishi mitini wanavyochagua mahali pa kulala katika bustani za zamani za matunda. Jirani yake aliokota minyoo. Violeth alijihesabu mwenye bahati.

Bustani ya shule hiyo ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya Ngulyati, ilipandwa na masista zaidi ya miaka sitini iliyopita. Ilikuwa na miembe na mizambarau thelathini na miwili. Mmoja ulipigwa radi, ikabaki thelathini na mmoja. Matunda yake yalikuwa machache na yenye funza. Lakini kwa mashimo hakuna bustani iliyoishinda, na sababu yake ni adhabu. Tangu enzi za masista, mwanafunzi aliyekutwa akizungumza lugha ya kikabila ndani ya shule alipewa panga butu na kupelekwa kupunguza matawi. Mtu anayekata tawi kwa hasira na panga butu huacha kidonda kibaya. Maji huingia, kuvu hufuata, mchwa humalizia, na baada ya miaka ishirini au thelathini mti unakuwa na shimo zuri sana. Kisukuma kilikuwa kimezungumzwa kwa wingi katika shule ile.

Miti kumi na minne ilikuwa na mashimo. Komba walilala katika tisa. Mitano iliyobaki ndiyo iliyomsumbua Violeth, kwa kuwa mashimo yake yalikuwa marefu, makavu, yameinuka kutoka chini kuliko mengine, na midomo yake ilitazama mbali na mvua. Mwembe namba nne ulikuwa na shimo ambalo Violeth mwenyewe angelala kama angekuwa mdogo. Hakuna komba aliyelala humo. Hapakuwa hata na unyoya.

Alikuwa amerudi juu ya ngazi, kwenye mwembe namba nne, jua lilipoanza kushuka. Komba mmoja jike, mzee, mwenye sikio la kushoto lililochanika, alitoka kwenye mzambarau wa jirani, akaja kwa kurukaruka, akakaa kwenye tawi usawa wa uso wake.

"Mwadila," komba akamsalimia kwa Kisukuma.

Violeth aligeuka kwanza kutazama nyuma, kuhakikisha hakuna kiranja wa taaluma karibu, ndipo akaitikia kwa sauti ya chini. Kisukuma kilikuwa marufuku mpaka kwenye ua wa minyaa, na bustani ilikuwa ndani ya ua.

"Unapima nini, ng'wanawane?" komba akauliza, kama mama anayemwita mwanawe.

"Shimo, mayu," akasema Violeth, naye akimwita mama. "Nataka kujua kwa nini hamlali humu. Ni refu, ni kavu."

"Kaburi nalo ni refu na ni kavu," akasema komba. "Tafuta mlango wa pili."

Violeth alizunguka na ngazi. Mlango wa pili haukuwepo. Alirudi kwenye miti tisa aliyokwisha kuipima na kuikagua upya, mmoja mmoja, mpaka kengele ya chakula ikagongwa. Kila shimo lenye komba lilikuwa na tundu jingine upande wa pili, wakati mwingine dogo kama kikombe, lililozibwa na majani. Hakuwa ameyaona kwa sababu alikuwa anapima kina tu, kama Mwalimu Januarius alivyoelekeza.

"Nyoka akija mbele, watoto wanatoka nyuma," akaeleza komba aliyemfuata mti kwa mti. "Moto ukija nyuma, wanatoka mbele. Mengine yote ni mapambo. Na ninyi mnalala wapi?"

Violeth alielekeza kwa rula. Bweni la Upendo lilikuwa ng'ambo ya kamba za nguo, jengo refu la matofali, bati jekundu, madirisha kumi na mawili yenye nondo, na mlango mmoja wa chuma upande wa barabara.

Komba alilitazama kwa muda. Kisha akasema wangependa kulikagua, siku yoyote ambayo wenyewe wataona inafaa.

Violeth alikuwa kiranja wa bweni hilo, na jambo la mlango lilikuwa lake kabla halijawa la komba. Jumamosi moja ya Machi, siku ambayo hakuna prepo ya usiku na mlango hufungwa saa kumi na mbili na nusu jioni, umeme ulikatika, mshumaa ukaanguka, na godoro la kitanda cha mwisho likashika moto. Kitanda cha mwisho kiko hatua arobaini kutoka mlangoni. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Matroni Martha, na Matroni alikuwa kwenye ibada. Alipoitwa alikuja mbio, akapoteza kiatu, na kutoka mayowe ya kwanza mpaka kufuli kufunguka zilipita dakika kumi na moja. Wasichana tisini na wawili walikuwa wameshauzima moto kwa maji ya kunywa na mablanketi, na wengi walikuwa wamelala chini midomo ikiwa kwenye ufa wa chini ya mlango. Hakufa mtu. Katika kitabu cha matukio iliandikwa: godoro moja limechakaa.

Aliyelala kitanda kile alikuwa Nyanjige, kidato cha kwanza, binti wa mfugaji kutoka Migato, mdogo wa umbo na mwenye pumu. Alipewa godoro jipya na akarudishwa palepale, kwa kuwa vitanda vingine vilikuwa na watu. Violeth aliandika barua ya kuomba mlango wa pili, mwisho wa bweni, upande wa bustani. Alijibiwa kwamba barua imepokelewa. Aliandika nyingine. Alijibiwa kwamba ile ya kwanza ilikwisha kupokelewa.

Komba walikuja Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa usafi. Walikuwa saba, wametembea kwa mstari kutoka bustanini kwa miguu miwili ya nyuma, jambo ambalo komba hulifanya wanapokuwa katika shughuli rasmi. Matroni Martha aliwapokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mwenye moyo mzuri na mguu mbovu, na aliheshimu utaratibu kuliko vyote viwili. Aliwapa kitabu cha wageni.

Komba mzee alilowesha kiganja chake kwa namna ambayo komba hulowesha viganja, akakipiga kwenye safu ya saini. Wengine sita wakafuata. Kwenye safu ya mahali utokako Matroni aliwajazia mwenyewe: bustanini.

Walikagua kwa dakika ishirini. Mmoja alipima upana wa dirisha kwa mkia. Wawili waliingia chini ya vitanda wakatoka na vumbi na soksi moja ambayo mwenyewe alikuwa ameitafuta tangu Pasaka. Mmoja alipanda juu ya kenchi, akatoa kichwa kwenye upenyo ulio kati ya ukuta na bati, upana wa sahani ya chai, akakaa akifikiri. Mzee alitembea kutoka mlangoni hadi kitanda cha mwisho, akahesabu hatua zake, ambazo zilikuwa nyingi. Nyanjige alikuwa pale anatandika.

"Huyu ndiye analala hapa?" komba akauliza.

"Ndiyo," akasema Violeth.

"Anakoroma?"

"Anahema kwa shida, mayu. Hasa vumbi likiwa jingi."

"Hakoromi huyo," akasema komba. "Anabisha hodi."

Kwenye kitabu cha wageni kulibaki safu ya maoni. Komba hawaandiki. Mzee alitamka kwa Kisukuma, Violeth akatafsiri, na Matroni akamwambia aandike yeye, akidai sasa kwamba amesahau miwani. Violeth akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Hapafai kulaza watoto. Pana mlango mmoja. Tunashukuru kwa mapokezi."

Mkuu wa Shule, Madam Mektilda, alikisoma kitabu hicho mchana. Alikuwa na kawaida ya kusoma maoni ya wageni akiwa anakunywa chai, na hakuwahi kukuta mabaya. Alimwita Violeth.

"Haya maneno ni ya nani?"

"Ya wageni, Madam."

"Wameyasema kwa lugha gani?"

"Kisukuma, Madam."

"Ndani ya bweni."

"Ndiyo, Madam. Hawajui nyingine."

"Wao sina mamlaka nao. Hawana namba ya mtihani." Madam Mektilda alifunga kitabu taratibu. "Wewe unayo. Kiranja, mbele ya Matroni, unazungumza lugha ya kikabila bwenini! Jumamosi mbili za Julai, panga, kupunguza matawi. Kisha maoni haya hayawezi kwenda kwenye faili. Faili hupokea maandishi ambayo asili yake ni Kiswahili au Kiingereza. Hii ni tafsiri ya mtoto."

"Lakini Madam, mlango kweli ni mmoja."

"Hilo linajulikana," akasema Madam Mektilda. "Halihitaji kuandikwa."

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Matroni Martha alifungua kufuli, akagonga ndoo kwa upawa kama kawaida, na hakuna aliyeamka, kwa sababu hakukuwa na mtu ndani. Vitanda arobaini na sita vya deka vilikuwa vitupu. Nondo zilikuwa mahali pake. Matroni alitoka, akazunguka jengo, akasikia mtu akikohoa bustanini mara moja, kikohozi chepesi cha kusafisha koo.

Wasichana tisini na wawili walikuwa wamelala ndani ya miti tisa.

Komba mama akitaka kumhamisha mtoto kutoka mahali pabaya, humshika kwa meno ngozi ya nyuma ya shingo. Mtoto akishikwa hapo hulegea, hujikunja, na huwa mwepesi kama soksi. Ndivyo walivyofanya. Waliwatoa wasichana mmoja mmoja kwa kupitia upenyo ulio juu ya kenchi, wakawavusha kamba za nguo, wakawaingiza mitini. Kila msichana alikuwa na alama ndogo nyuma ya shingo, kama aliyefinywa na shangazi. Hakuna aliyekumbuka kuona vibaya. Mmoja tu, Philomena wa kidato cha pili, alilalamika kwamba aliyembeba alikuwa na harufu ya zambarau bovu.

Matroni alirudi kuchukua daftari la majina, akaitisha mahudhurio pale pale bustanini. Aliita jina, na jina likaitika kutoka ndani ya mti. Wote walikuwepo. Aliandika idadi, akasaini, akaenda kuchemsha uji.

Mambo yakaendelea hivyo kila siku. Jioni wasichana waliingia bwenini, Matroni akafunga kufuli, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na asubuhi akaenda kuwaamsha mitini. Komba walikuwa na mpangilio wao. Wanaokoroma walilazwa kwenye mzambarau wa mbali. Wanaoogopa giza walipewa mashimo yanayotazama mashariki. Nyanjige alilazwa kwenye mwembe namba tisa, ambao matundu yake mawili yanaelekeana na hupitisha hewa, na kabla wiki ya kwanza haijaisha alikuwa ameisahau kwenye mti wa jirani dawa yake ya pumu ya kupuliza. Violeth aliyaandika yote kwenye daftari la Biolojia. Mwalimu Januarius alisema kazi imekuwa nzuri, ila idadi ya sampuli imezidi.

Madam Mektilda hakupinga. Alitoa tangazo mstarini kwamba viatu vitapangwa chini ya mti, ncha zikitazama shina, na kwamba kila mti utakuwa na kiranja. Aliagiza miti ifagiliwe ndani. Alipiga marufuku kula maembe mabichi kitandani. Mgeni mmoja wa idara ya elimu aliyepita kwa shughuli nyingine alionyeshwa bweni mchana, akasifu kwamba lina hewa ya kutosha na vitanda havina dalili ya kutumika vibaya.

Kilichomkosesha raha Madam Mektilda kilikuwa kimoja tu. Ndani ya miti ile mabinti wa watu walilala bila kufuli.

Kikao cha wazazi kiliitishwa mwishoni mwa Juni, baada ya watu wengi kuuza pamba. Kilifanyika kwenye bwalo. Violeth aliitwa kueleza kama kiranja, na akaeleza: moto wa Machi, dakika kumi na moja, mashimo matano yaliyokataliwa, mlango wa pili. Alisema kwa Kiswahili fasaha mwanzo hadi mwisho. Aliomba jambo moja, mlango mwisho wa bweni, upande wa bustani. Alisema matofali ya pale yameshalegea, na fundi mmoja angeweza kuumaliza kwa siku mbili.

Wazazi walisikiliza vizuri. Kisha akasimama Masunga, baba yake Nyanjige, mtu mrefu mwenye kofia aliyoivua na kuivaa tena.

"Madam, na wewe binti, ahsanteni. Mimi sina neno na komba. Wamembeba mwanangu na wamemrudisha, na kifua chake kimepona. Nawashukuru. Lakini mlango wa pili, hapana." Akatazama huku na huku. "Tusidanganyane. Mlango wa mbele una Matroni. Wa nyuma atakaa nani? Kesho nakaa na watu, tunazungumza ng'ombe wa mahari, mtu ananiambia, mzee, binti yako kasoma kwenye shule ya milango miwili. Ng'ombe kumi zinaondoka hapo hapo, nimekaa naziona!"

Bwalo likacheka, likapiga makofi.

"Hata sita," mzazi mmoja akasema nyuma.

"Sita ungeletewa wewe, Ndaki," akajibu Masunga. "Mimi nasema kumi."

Nyanjige alikuwa anapita na jagi la maji, kwa kuwa kidato cha kwanza ndio walihudumia. Alipofika kwa baba yake alipiga goti kidogo, akamjazia bilauri.

"Baba," akasema, "zizi letu lina milango mingapi?"

"Miwili," akasema Masunga. "Wa mbele, na ule wa miiba, wa nyuma."

"Wa nyuma ni wa nini?"

"We mtoto, si unajua? Simba akija mbele, au moto, unavuta miiba, ng'ombe wanatoka. Babu yako alipoteza thelathini kwa sababu ya mlango mmoja. Sisi hatujengi zizi hivyo tena." Alikunywa maji yote, akamrudishia bilauri. "Ahsante, mama."

Watu walitikisa vichwa kukubali, kwa kuwa kila mtu pale alijua zizi linavyojengwa. Violeth alitazama nyuso, moja baada ya nyingine. Zilikuwa nyuso nzuri, za watu waliolima, na kila mmoja wao alikuwa anafikiria ng'ombe.

Kikao kilipitisha mambo matatu. Komba washukuriwe. Mlango wa bweni ubaki mmoja. Na bustani, kwa kuwa sasa ni mahali pa kulala mabinti, ijengewe uzio wa seng'enge na mabati, urefu wa mtu na nusu, wenye geti moja na kufuli, ufunguo akae nao Matroni. Wazazi walijitolea nguvu kazi papo hapo. Walikuwa wachapakazi, uzio ulikwisha kwa siku nne, na Masunga mwenyewe alichimbia nguzo za geti, akazishindilia kwa mguu mpaka hazikutikisika.

Komba walikuja kuukagua Ijumaa, wote, wakubwa kwa wadogo. Walitembea juu ya mabati wakauzunguka mara moja. Walirudi mpaka kwenye geti. Mzee mwenye sikio lililochanika aliligusa kufuli, akalinusa, akamtafuta Violeth kwa macho, akampata kwenye kamba za nguo.

"Wamekijengea kijiji chetu shina," akasema. "Sasa yote ni shimo moja."

"Wanasema ni kwa usalama, mayu."

"Wa nani?"

Violeth akaendelea kuanua nguo. Alikuwa bado na Jumamosi mbili za panga, na Madam Mektilda alikuwa dirishani.

Waliondoka jioni hiyo hiyo, kila mama na mtoto wake mdomoni. Mizigo mingine hawakuwa nayo. Wasichana wengine walikwenda kusimama karibu, wakainamisha shingo, huenda nao wakabebwa. Komba waliwapita. Safari ilikuwa ndefu na tisini na wawili ni wengi. Nyanjige hakuinamisha shingo. Alisimama tu, mikono nyuma, kama mtu anayemsindikiza mgeni mpaka njia panda. Mzee alipofika kwake alisimama, akamgusa kifuani kwa kiganja, akasikiliza, akaendelea.

Baada ya wiki moja habari zilitoka Migato kwamba wameonekana. Walikuwa wamehamia kwenye mikwaju mitatu ya zamani iliyo pembeni ya zizi la Masunga, upande wa mlango wa miiba. Masunga alifurahi sana. Aliwaambia watu kwamba komba hawakai kwa mtu hivi hivi, wanachagua, na alikuwa anasema kweli. Alitoa simu akapiga picha, ingawa komba walikuwa wamelala na picha ilitoa majani tu. Alimtumia Madam Mektilda, naye akaibandika kwenye ubao wa matangazo, chini ya ratiba ya mitihani.

Wasichana walirudi kwenye vitanda vyao. Kukohoa kulirudi pia, wiki ya pili, kutoka mwisho wa bweni. Violeth aliandika barua ya tatu. Alijibiwa kwamba suala hilo lilishajadiliwa na wazazi na kufungwa.

Jumamosi ya kwanza ya adhabu alipewa panga, akafunguliwa geti la bustani, likafungwa nyuma yake. Alichagua mwembe namba nne, wenye shimo refu, kavu, la mlango mmoja. Alizunguka shina mpaka upande wa nyuma, akapata tawi lililo usawa wa shimo, akaanza kukata. Panga lilikuwa butu kama ilivyotakiwa. Alikata vibaya kwa makusudi, akiacha kidonda kirefu kinachotazama juu, ili maji yasipotee njia.

Mwalimu Januarius alipita nje ya uzio, akasimama, akachungulia kwenye pengo la mabati.

"Violeth. Kidonda hicho kitachukua miaka ishirini. Pengine thelathini."

"Najua, Mwalimu. Nimeandika kwenye ukurasa wa mwisho."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Sijui, Mwalimu. Ila shimo litakuwa na mlango wa pili."

Mwalimu alifikiri kidogo. Akasema ukingo wa chini ungefaa upasuliwe zaidi, kuvu hupenda hivyo, akaenda zake.

Jumamosi ya pili alipoingia alikuta kwenye kidonda, juu ya utomvu uliokuwa haujakauka vizuri, alama ya kiganja kidogo cha vidole vitano. Wanaowajua komba wanasema hivyo ndivyo wanavyowekeana nafasi. Violeth aliinakili kwenye daftari kwa kipimo halisi. Kisha akahamia mti namba sita, ambao pia ulikuwa na mlango mmoja, akakata upande wa pili, na baada ya hapo namba kumi na moja. Ikabaki miwili, na adhabu ilikuwa imekwisha. Alipofunguliwa geti alimsalimia Matroni kwa Kisukuma, kwa sauti kubwa, mbele ya kiranja wa taaluma, na akaongezewa Jumamosi mbili.

Jioni hiyo hakukuwa na prepo. Saa kumi na mbili na nusu wasichana tisini na wawili waliingia bwenini, Nyanjige akatembea hatua arobaini mpaka kitandani kwake, na Matroni Martha akahesabu, akapata idadi kamili, akawatakia usiku mwema, akafunga mlango, akauvuta mara mbili kuhakikisha haufunguki.